Uliza Bustani: Taa ya miche mbona iko darini?

Baridi ikishaanza huku Nyanda za Juu Kusini maswali yenu yanageuka. Kwenye mvua mnauliza ukungu na konokono, ikifika Juni ni taa tu: taa ya miche, taa ya maua ya sebuleni, taa ya zambarau aliyoniuzia jamaa, na nyingine zimekuja na picha kabisa. Nimezikusanya hizi zinazogusana nizijibu pamoja, nimezifupisha, na majina nimeyaondoa kama mlivyoomba.

Uyole, Mbeya

Shikamoo anti. Nilisia nyanya na hoho kwenye trei nikaziweka stoo kwasababu nje baridi haifai, afu nikanunua taa ya mimea ya wati 24 nikaifunga pale pale kwenye holda ya darini. Chumba kinawaka mpaka majirani wanauliza kuna shughuli gani. Sasa miche imeota vizuri ila imekwenda juu tu, vishina vyembamba, vyeupe, imelala. Muuzaji anasema niongeze taa ya pili. Niongeze?

Marahaba mwanangu. Usiongeze kitu, hiyo hela nunua mnyororo wa kuishushia taa.

Shida yako ni umbali. Kutoka darini mpaka kwenye trei iliyoko sakafuni kuna mita 2 na nusu hivi, na mwanga wa balbu unatawanyika, ukiongeza umbali mara 2 mwanga unaofika kwenye jani haubaki nusu, unabaki robo, ukienda mara 3 unabaki moja ya tisa. Sasa igeuze hiyo hesabu. Taa iliyokuwa mita 2.4 juu ya miche ukaishusha ikawa sentimita 30, umeisogeza mara 8, kwahiyo jani linapata kama mara 64 ya lilichokuwa linapata mwanzo, kwa taa ile ile na umeme ule ule. Taa ya pili pale darini ingekupa mara 2 tu. Muuzaji yuko kazini, tusimlaumu.

Na macho usiyaamini. Jicho linajirekebisha lenyewe, chumba chenye luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) tunakaa tunasoma gazeti bila shida tunasema kina mwanga, wakati nje hapo Uyole saa 6 mchana bila wingu ni luksi kama laki moja, na siku ya mawingu ya kawaida bado ni elfu 10 na zaidi. Pakua kwenye simu apu ya kupima luksi, zipo nyingi za bure, laza simu chali pale pale majani yalipo, kihisio cha mwanga kiko juu karibu na spika ya sikioni usikizibe na kidole. Namba za simu si za maabara lakini zinatosha kukuonyesha kama uko kwenye mia au kwenye elfu. Miche ya nyanya na hoho inataka kuanzia elfu 10 mpaka elfu 15, kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Hapo chini ya dari yako simu itakusomea mia na kitu, jaribu uone.

Umbali wa kuanzia: balbu au taa ndogo kama yako sentimita 20 mpaka 30 kutoka ncha ya juu ya mche, tyubu za LED 10 mpaka 15, zile paneli kubwa za wati 100 kwenda juu ziache 40 mpaka 60. Unapima kutoka kwenye majani, sio kutoka kwenye udongo, wengi wanakosea hapo, mche unakua taa imebaki palepale mpaka majani yanagusa balbu. Kila ukimwagilia tazama nafasi iliyobaki na upandishe pete moja mbili za mnyororo. Mkono wako pia ni kipimo, uweke kiganja chini usawa wa majani kama nusu dakika, ukisikia joto la kuunguza basi na jani linalisikia. Ila na LED isiyo na joto inaweza kuzidi, ukiona majani ya juu yanapauka, yanajikunja kingo, au yanakuwa makavu kama karatasi wakati ya chini ni ya kijani safi, pandisha.

Kama holda haishuki, na mwenye nyumba hataki waya wake uguswe, basi pandisha miche. Kreti tatu za soda juu ya meza zinafika mbali. Au fundi umeme akufungie holda yenye waya mrefu na swichi, uitundike kwenye fito uliyolaza juu ya migongo ya viti viwili. Pembeni weka kitu cheupe, vipande vya jipsamu vilivyobaki kwa jirani anayejenga, au lile gunia jeupe la sembe ulilipasue ulitandaze, mwanga uliokuwa unakwenda kupotea ukutani unarudi kwenye trei. Rangi nyeupe isiyong'aa inatosha kabisa, foili nayo sawa. Afu trei uigeuze kila siku maana ile ya kona daima inainamia katikati.

Miche uliyonayo sasa: nyanya zinaokoleka, zihamishe kwenye vikopo uzike shina mpaka karibu na majani ya kwanza, lile shina litatoa mizizi. Hoho hazitoi mizizi kwenye shina kirahisi hivyo, sia upya. Na safari hii, ukiona tu kichwa cha mche kinachungulia kwenye udongo, siku hiyo hiyo ondoa nailoni kama ulifunikia trei na washa taa, sio kesho yake. Mche uliokaa kwenye joto bila mwanga hata siku 2 ndo unaoanza kurefuka hivyo.

Kihesa, Iringa

Kamwene dada! Mi nimepanga chumba kimoja na sebule, nina maua ya majani, mani planti, na hawa wengine sijui majina. Nimesoma kwamba mmea wa ndani ukae dirisha la kusini ndo lenye jua zaidi. Dirisha langu la kusini lipo, nimeyapanga hapo yote, mbona tangu Mei yanadhoofu na yananyoosha shingo? Ninunue taa?

Kamwene mdogo wangu. Ulichosoma kiliandikwa na mtu anayeishi Ulaya au Marekani. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima kwasababu wao wako kaskazini kabisa. Sisi tuko upande huu wa ikweta, Iringa iko kama nyuzi 8 kusini, Mbeya karibu nyuzi 9, kwahiyo kuanzia mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la saa 6 linapita kaskazini yetu, na Juni ndo limeenda mbali zaidi huko. Dirisha lako la kusini kipindi hiki linaangalia kivuli. Linapata zamu yake Novemba mpaka Januari, na hata hapo jua liko juu sana utosini, upenu wa bati unalikata kabla halijaingia ndani.

Kwahiyo kabla ya kununua taa hamisha maua. Baridi hii dirisha la kaskazini ndo dili. La mashariki ni zuri mwaka mzima kwa maua ya majani, linapata jua la asubuhi ambalo halichomi. La magharibi sawa ila lina ukali jioni, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Afu tazama dirisha lenyewe: vioo vya giza tunavyovipenda kwenye nyumba zetu, juu yake wavu wa mbu uliojaa vumbi, juu yake nondo, juu yake pazia. Futa wavu kwa kitambaa chenye maji na upime luksi kabla na baada, utashangaa. Na kila hatua ukirudi ndani unapoteza, pale kizingitini mwa dirisha unaweza kuwa na elfu 2 au 3, mita 2 nyuma kwenye kona ya tivii zimebaki mia na kitu.

Ukishahamisha na bado kuna yaliyokosa nafasi, hapo sasa taa ina kazi. Balbu ya LED nyeupe ya wati 9 mpaka 12 kwenye taa ya mezani yenye shingo, iweke juu ya mmea upande wa chumbani, sio upande wa dirishani, ili mmea upate mwanga pande zote mbili usilalie kioo. Sentimita 30 hivi kutoka kwenye majani. Maua ya majani hayana makuu, luksi elfu 1 mpaka 3 kwa saa 12 yanakushukuru. Na usiku yavute kidogo yasigusane na kioo, Juni kioo cha Iringa kinakuwa barafu na jani lililokigusa linalegea na kuwa jeusi.

Njombe mjini

Habari za kazi. Nimeambiwa sokoni kwamba taa nyeupe haikuzi mmea, lazima ile ya zambarau, na ya zambarau ni bei mbaya, boksi limeandikwa 1000W. Mke wangu ameikataa isiwashwe sebuleni anasema tunaonekana kama baa. Je kweli nyeupe haifai?

Mama yuko sahihi, na wewe umeokoa hela.

Mmea unatumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 (ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo unaoamua rangi), ambao ni karibu wote tunaouona sisi. Klorofili, ule ukijani wa jani, inanyonya zaidi bluu na nyekundu, ndo maana watengenezaji wa mwanzo wakachanganya vitaa vya rangi hizo 2 tu, ikatoka zambarau. Haikuwa uongo. Lakini kijani nacho kinatumika, tena kinapenya ndani zaidi ya jani na kufikia majani ya chini, na taa nyeupe ya LED ndani yake ni kitaa cha bluu kilichopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya hiyo bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Kwahiyo nyeupe ina kila kitu. Balbu ya kawaida kabisa ya dukani, iliyoandikwa 4000K mpaka 6500K (hiyo K inaonyesha rangi ya mwanga), inakuza mche. Ile ya njano njano ya 2700K au 3000K pia inafanya kazi ila ina bluu kidogo, na bluu ndo inayoufanya mche ubaki mfupi mnene, kwahiyo kwa miche chukua nyeupe.

Mimi binafsi ya zambarau siipendi kwa sababu nyingine kabisa. Chini yake huoni mmea. Jani la njano, utitiri mwekundu chini ya jani, doa la ukungu linaloanza, vyote vinaonekana rangi moja ya ajabu mpaka uzime taa. Mkulima asiyeona majani yake anamwagilia kwa kubahatisha.

Hiyo 1000W ya kwenye boksi ni ya kuuzia. Geuza taa nyuma utafute kibandiko chenye volti, hapo ndo kuna wati zake za kweli, na mara nyingi ni 100 au chini ya hapo. Kitu kile kile kwenye balbu za nyumbani, limeandikwa kubwa 100W afu pembeni kwa herufi za sisimizi ni 12W, maana yake inamulika kama balbu ya zamani ya wati 100 ila inakula 12. Ukilinganisha taa 2 nyeupe tazama lumeni, yaani jumla ya mwanga taa inaoutoa, ugawanye kwa wati za kweli, inayotoa lumeni 90 au 100 kwa wati moja ni nzuri, ya 60 iache. Na soma volti. Iliyoandikwa AC85-265V inavumilia umeme wetu unaopanda na kushuka, isiyo na hiyo nafasi ukija umeme mdogo inapepesa na haidumu.

Mafinga

Anti nina ile balbu nyekundu ya vifaranga, wati 250, vifaranga wameshakua. Naweza kuitumia kwenye miche ya kabichi?

Hapana. Hiyo ni ya infraredi, kazi yake ni joto, mwanga kidogo ule unaouona ni masalia tu. Ukiiweka karibu inababua majani, ukiiweka mbali haina faida, na kwa saa 12 inakula uniti 3 kamili kwa siku. Kitu kimoja inaweza kukusaidia: ukiwa na vifaranga tena, trei za mbegu ziweke jirani na banda la kulelea, pembeni kwenye uvuguvugu, kabla hazijaota. Mbegu nyingi za mboga kwenye kuota zinataka joto kuliko mwanga, nyanya kwa mfano zinapenda nyuzi 20 na kitu na Mafinga ya Julai haina hizo usiku. Zikichungulia tu, zitoe hapo ziende kwenye LED.

Tukuyu

Dada shikamoo, huku kwetu mvua na ukungu, jua tunalisikia redioni. Nina mnanaa, giligilani na rozimeri jikoni chini ya taa ya klipu yenye shingo 3. Swali langu la kwanza, niiache usiku kucha? La pili, baba watoto analalamika LUKU inakimbia tangu niinunue. Ni kweli inakula hivyo?

Marahaba. Rungwe nawaelewa, mvua yenu kwa mwaka inavuka milimita 2000, mtu wa Dodoma hawezi kuamini.

Usiku kucha hapana. Mmea unahitaji giza, kuna kazi zake unazifanya gizani, na kuna mingine inahesabu urefu wa usiku ili ijue lini itoe maua. Majani ya jikoni kama hayo mpe saa 12 mpaka 14, zima akipumzika na nyie mkipumzika. Giligilani ukiipa siku ndefu sana kwenye joto itakimbilia kutoa maua na mbegu, na wewe unataka majani. Rozimeri ndo mwenye njaa ya mwanga hapo, msogeze katikati chini kabisa ya taa, mnanaa unaweza kukaa pembeni.

LUKU sasa. Chukua wati za kweli, zidisha kwa saa za kuwaka, gawanya kwa 1000, unapata uniti. Taa za klipu za shingo 3 nyingi wati zake halisi ni 10 mpaka 20, tuchukue 20. Mara saa 14 ni 280, gawanya kwa 1000 ni uniti 0.28 kwa siku, mwezi mzima ni uniti 8 na kidogo. Si bure, lakini pasi na jiko la umeme vinacheka tu hapo. Mwambie baba watoto aitafute hita ya maji ya kuoga kwanza. Isipokuwa kama mko kwenye ile tarifu nafuu ya matumizi ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, na mlikuwa mnagota kwenye 70, hapo anaweza kuwa na hoja, zile 8 zinawavusha na uniti zinazozidi bei yake si ile. Fanyeni hesabu pamoja kwa risiti za miezi 3 badala ya kununiana.

Kitu ambacho hukuuliza: taima. Zile za kwenye waya wa taa zenye vitufe vya saa 3, 9 na 12, umeme ukikatika nyingi zinasahau, ukirudi taa inabaki imezimwa mpaka uibonyeze. Ile ya kuchomeka ukutani yenye sahani inayozunguka na meno madogo, yenyewe haisahau ila inasimama, umeme ukikatika kwa muda wa saa 4 basi ratiba yako yote inasogea saa 4 mbele, usipoiangalia baada ya wiki taa inawaka usiku wa manane. Kila umeme ukirudi itupie jicho.

Ofisini, Mbeya mjini

Mapokezi yetu hayana dirisha, kuna tyubu tu za darini. Bosi kaleta sneki planti na zizi planti. Zitaishi?

Zitaishi, hazitakua sana. Taa za ofisi zinafikia luksi 300 mpaka 500 na hizo mbili ni kati ya mimea michache inayostahimili hapo, zizi planti asili yake ni huku huku Afrika Mashariki na inaweka akiba ya maji kwenye viazi vyake chini ya udongo. Kitakachoziua ni kikombe cha maji cha kila Ijumaa. Kwenye mwanga mdogo mmea unakunywa kidogo, subiri udongo ukauke mpaka chini ndo umwagilie, baridi hii hata wiki 3 au 4. Ukitaka zichangamke weka taa ya mezani yenye balbu nyeupe sentimita 30 juu yake saa za kazi.

Gangilonga, Iringa

Shangazi, nina yale maua madogo, afrikani vayoleti, majani yana manyoya. Nilipewa yana maua mengi, sasa ni mwaka hayajatoa hata moja, majani yamenyooka juu kama yanaomba. Yako juu ya kabati la vitabu.

Majani yakisimama hivyo yanatafuta mwanga. Yakipata wa kutosha yanalala bapa, duara safi kama sahani, na yakizidishiwa yanajikunja kubana katikati na kupauka. Kwahiyo lenyewe linakuambia, huhitaji hata apu.

Hilo ua ni la kwetu, lilikuwa likijiotea kwenye miamba yenye kivuli na unyevu kwenye misitu ya Usambara, mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, akalipeleka kwao Ujerumani na kutoka hapo likasambaa duniani kote, leo wazungu wanalikuza kwenye mashelfu chini ya tyubu na sisi tunalinunua kwa bei ya kigeni. Kwasababu ni la kivuli watu wanadhani halitaki mwanga. Linataka mwanga wa wastani kwa muda mrefu. Litoe kabatini, weka tyubu ya LED nyeupe sentimita 25 mpaka 30 juu yake, saa 12 mpaka 13, luksi 5000 mpaka 8000, na lipate angalau saa 8 za giza kabisa, bila hilo giza halifungi maua. Maji weka kwenye kisahani chini, ya uvuguvugu, maji ya bomba ya Juni yakimwagikia jani yanaacha madoa. Lipe miezi 2 mpaka 3, usilihamehamishe.

Mbalizi

Nimepanga trei ngazi 3 kwenye shelfu ya chuma, kila ngazi ina taa, zote zinakwenda kwenye ekstensheni moja iliyoko chini ya shelfu. Jana niligusa chuma nikasikia mtetemo kwenye vidole. Ni kawaida?

Si kawaida hata kidogo kaka. Acha kusoma, nenda kazime swichi ya ukutani kwanza.

Haya. Mtetemo huo ni umeme unaovuja kwenye shelfu. Ekstensheni iko chini, trei zinachuruzika, maji yanafuata waya mpaka kwenye tundu. Au waya wa taa umebanwa na kona ya chuma ukachunika, pitisha macho urefu wote, hasa pale unapokunjwa kwenye ukingo. Usiwashe tena mpaka fundi mwenye kipimo aje aangalie na waya wa ardhi wa nyumba, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, maana nyumba nyingi soketi ina matundu 3 ila waya wa ardhi haujafika popote.

Ukipanga upya, ekstensheni ipande juu, ifungwe ukutani au kwenye mguu wa juu wa shelfu, ikae juu zaidi ya trei zote. Kila waya unaoingia kwenye plagi uachie mkunjo uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kwenye soketi, tone la maji likiteremka na waya linadondokea pale kwenye mkunjo badala ya kuingia ndani. Trei ziwe na sinia chini isiyotoboka. Taa zifungwe kwa mnyororo au waya wa bati, sio kwa selotepu, selotepu kwenye unyevu inaachia. Na umwagiliaji ufanye taa zikiwa zimezimwa, miche haitakufa kwa dakika 10 za giza.

Makambako

Nina miche 400 ya parachichi ya kubebesha kwenye kitalu, nifunge taa ngapi?

Sifuri. Jua la Makambako linatosha na kubaki, weka neti ya kivuli na kinga ya sakitu (ile baridi inayogandisha) usiku. Hela ya taa nunua viriba vizuri.

Iganzo, Mbeya

Miche yangu ya nyanya chini ya taa imenyooka safi, mifupi, minene, kijani cha giza. Niliihamishia shambani Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni majani yote yamekuwa meupe kama yamemwagiwa maji ya moto. Ni ugonjwa gani?

Ni jua tu. Miche ilizoea luksi elfu 15, siku moja ukaipeleka kwenye laki, tena Mbeya iko mita 1700 juu ya bahari, hewa nyepesi na anga la kiangazi halina wingu, jua letu la Julai lina ukali ambao ile baridi inakuficha. Jani lililokulia ndani halijajenga ngozi ya kuhimili. Juu ya hapo kuna upepo, na kuna usiku wa nyuzi 6 au 7.

Iangalie pale katikati ya mche, kwenye ncha ya kukulia. Kama bado ni ya kijani usiing'oe, itatoa majani mapya yaliyozaliwa juani, ya zamani yaache yakauke yenyewe. Iwekee matawi au majani ya mgomba upande wa jua la saa 5 mpaka saa 9 kwa wiki moja.

Ambayo bado iko ndani izoeshe. Siku ya kwanza saa moja nje chini ya mti, asubuhi, rudisha ndani. Ongeza saa kila siku, siku ya 4 au 5 ianze kuonja jua la asubuhi moja kwa moja, ikifika siku ya 7 mpaka 10 ishinde nje na ilale nje kama hakuna dalili ya sakitu. Kipindi hicho maji punguza kidogo, mbolea usiweke. Taa endelea kuiwasha jioni kwa ile inayorudi ndani, ila ipandishe mpaka sentimita 40. Na siku ya kupanda chagua jioni, saa 10 au 11, mwagilia mashimo kwanza, mche upate usiku mzima wa kushika udongo kabla jua halijauona.